Biogesi na bustani ya magunia kwenye ukame: mwongozo wa kaya yenye ng'ombe wachache na tanki moja la maji

Katikati ya Tanzania, kuanzia Dodoma kupanda Singida, kinyesi cha ng'ombe hakijawahi kuwa adimu. Kinachokwamisha mtambo wa biogesi, yaani gesi ya kupikia inayotokana na kinyesi kilichooza, ni maji ya kukorogea kinyesi hicho, na kinachokwamisha bustani ya mboga ni maji hayohayo. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na tanki, kisha mtambo, kisha magunia. Ukianza na mtambo utajikuta mwezi wa Septemba unachagua kati ya gesi na mchicha.

Hesabu ya maji

Dodoma hupata wastani wa milimita 550 hadi 600 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Paa la bati lenye mita za mraba 40 likipata milimita 550, na ukitoa moja ya tano inayoruka, kuvuja na kukauka kwenye bati, linakupa lita 17,600. Maji yapo, ila pa kuyaweka ndipo penye kazi. Tuchukue tanki la lita 10,000, lenye kifuniko, likiwa limejaa mwisho wa Aprili. Mbele yake kuna siku 210 hivi za kiangazi. Ukigawa, ni lita 47 kwa siku.

Katika lita hizo 47, mtambo tutaupa 10. Zinabaki 37. Gunia moja la mboga wakati wa jua kali na upepo wa Agosti hadi Oktoba linakunywa lita 6 kwa siku. Kwa hiyo unapata magunia 6, na lita moja ya kunawa mikono. Ukiona picha ya mtu mwenye magunia 40 yaliyopangwa uani, muulize kwanza maji anatoa wapi. Hesabu hii pia haina maji ya kunywa wala ya kupikia. Hayo yatoke kisimani au bombani kama kawaida.

Mtambo upi

Kuna njia mbili zinazofaa kaya. Ya kwanza ni mtambo wa kuba, uliojengwa chini ya ardhi kwa matofali au mawe na saruji, ambao CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia vijijini cha Arusha, kimeueneza kwa miaka mingi. CAMARTEC wana pia muundo unaokubali kinyesi kizito chenye maji kidogo, na kwa maeneo makavu huo ndio wa kuulizia. Kuba lililojengwa vizuri linadumu miaka 20 na zaidi, lakini linahitaji fundi aliyefunzwa hasa kuba, na ardhi tulivu. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, kuba hupata nyufa, na ufa wa unene wa unywele unatosha kupoteza gesi yote.

Njia ya pili ni mtambo wa mfuko: nailoni nene yenye umbo la bomba, imelazwa kwenye mtaro. Unaumaliza kwa siku mbili au tatu, unavumilia udongo unaocheza, na ukikosea unafungua na kufunga upya. Udhaifu wake ni jua, kuku, panya na watoto wenye mawe. Hapa tunaelekeza huu wa mfuko.

Vipimo

Tunalenga kilo 30 za kinyesi kibichi kwa siku. Ng'ombe wa kienyeji anayelala bomani na kuchungwa mchana anakuachia kilo 5 hadi 6 usiku, hivyo unahitaji ng'ombe 5 au 6. Ng'ombe wa maziwa wanaofugwa ndani muda wote, watatu wanatosha. Kilo moja ya kinyesi kibichi inatoa lita 35 hadi 40 za gesi, kwa hiyo kilo 30 zinakupa kama lita 1,050 hadi 1,200. Jiko la plati moja likiwaka kwa nguvu ya kawaida linakula lita 300 kwa saa. Unapata saa tatu na nusu hadi nne: chai ya asubuhi, ugali na mboga mara mbili, na kidogo kinabaki. Maharage yasiyolowekwa yatakumalizia gesi peke yake. Yaloweke usiku kucha.

Kilo 30 za kinyesi zikikorogwa na lita 30 za maji zinakuwa lita 60 kwa siku. Kwa joto la Dodoma uji huu unahitaji siku 50 hivi ndani ya mtambo ili vijidudu viumalize, na 60 mara 50 ni lita 3,000. Mtaro unaobeba kiasi hicho una urefu wa mita 6.3, kina sentimita 80, upana sentimita 70 juu na 50 chini. Nailoni iwe na upana wa mita 1.5 ikiwa imelazwa bapa, yaani mzunguko wa mita 3. Ikishajaa uji hadi ukingo wa mtaro, sehemu inayobaki juu inavimba kama mgongo wa mkate na kubeba gesi.

Vifaa

Nunua nailoni ya bomba, unene wa geji 1000, mita 19: mita 16 kwa mtambo (vipande viwili vya mita 8, kimoja kinavaa ndani ya kingine) na mita 3 kwa mfuko wa akiba ya gesi. Ifungue dukani uiangalie kwenye mwanga. Iliyokaa juani mbele ya duka imeshaanza kufa.

Bomba la plastiki la inchi 6, vipande viwili vya mita 1. Bomba la robo tatu inchi la kutoka mtamboni hadi jikoni, lisizidi mita 25, pamoja na tii mbili (viungio vya njia tatu), elbo nne (viungio vya kona), koki mbili, na jozi moja ya viungio vya nyuzi, dume na jike, kwa ajili ya tundu la gesi. Mpira wa ndani wa tairi la lori, uliokatwa mikanda ya upana wa sentimita 5. Chupa ya maji ya lita 1.5. Nyuzi za chuma za kusugulia sufuria. Gundi ya mabomba na tepu nyeupe ya fundi bomba.

Jiko liwe limetengenezwa kwa biogesi. La gesi ya mtungi lina tundu dogo sana, na biogesi inakuja kwa msukumo mdogo, kwa hiyo utapata mwali wa mshumaa. Fundi anaweza kulitanua tundu hadi kama milimita 2, lakini jiko hilo halirudi tena kwenye mtungi. Andika juu yake kwa rangi ili mtu asije akalichomeka.

Kuchimba na kulaza mfuko

1. Chagua sehemu iliyo karibu na boma kuliko jiko. Gesi inasafiri yenyewe kwenye bomba, ila kinyesi utakibeba wewe kila asubuhi. Pasiwe njia ya maji ya mvua.

2. Chimba mtaro kwa vipimo vya juu. Sakafu iwe sawa, ipime kwa pima maji juu ya ubao mrefu. Kila ncha ichongwe mteremko wa kulaza bomba la inchi 6 kwa pembe ya nyuzi 45 hivi. Hapa ndipo wengi wanapokosea: mdomo wa bomba la kutolea tope ndio unaoamua uji utasimama kimo gani mtamboni. Ukingo wake wa chini uwe sawasawa na ukingo wa mtaro. Mdomo wa kulishia uwe juu ya huo kwa sentimita 25. Mabomba yote mawili yaingie ndani vya kutosha ili ncha za ndani zizame chini ya uji angalau sentimita 20. Zikiwa juu zaidi, gesi itatokea mdomoni mwa bomba badala ya kwenda jikoni.

3. Ondoa kila jiwe na mzizi. Papasa kuta na sakafu kwa kiganja, maana jicho linapitiwa. Kisha tandika nyasi kavu, na juu yake viroba vikuukuu. Nyasi hizo ni blanketi pia: baridi ya usiku wa Juni na Julai hubana, na uji ukipoa gesi inapungua.

4. Vua viatu. Tandaza vipande viwili vya nailoni kwenye mkeka safi, mtu mmoja apite ndani ya kimoja akivuta kingine hadi viingiane bila mikunjo.

5. Tundu la gesi likae katikati ya mgongo, mita 2 kutoka upande wa kulishia. Kata tundu dogo kuliko kiungio, usilikate sawa nacho. Kiungio dume kitoke ndani kwenda nje kikiwa na washa mbili, yaani pete bapa: ya plastiki ngumu na ya mpira. Nje weka mpira, kisha plastiki, kisha jike. Kaza kwa mkono hadi mpira uanze kujitokeza pembeni, uishie hapo. Ukikaza kwa spana nailoni itajikunja chini ya mpira na kuchanika.

6. Funga bomba la kulishia. Kunja nailoni kwa mapindo madogo kulizunguka bomba, zungusha mkanda wa mpira ukiuvuta kwa nguvu, kila mzunguko ufunike nusu ya uliotangulia, kwa upana wa sentimita 30. Malizia kwa kufunika kabisa ncha ya nailoni, isionekane.

7. Mfuko ukiwa mtaroni na tundu la gesi limezibwa, shika mdomo ulio wazi, uupepee juu na chini ili umeze hewa, kisha uubane. Rudia hadi uvimbe. Nyoosha mikunjo yote wakati huu, kwa sababu ukishabeba tani tatu haunyooshwi. Ndipo ufunge bomba la kutolea kama la kwanza. Mabomba yote mawili yazibwe kwa viroba mpaka uji uingie.

Bomba la gesi na chupa ya usalama

Kutoka kwenye tundu, bomba lipande kidogo kisha lishuke mpaka sehemu ya chini kuliko zote katika njia nzima. Hapo weka tii, na mguu wake uingie kwenye chupa ya maji, uzame sentimita 6. Toboa chupa ubavuni juu kidogo ya usawa huo ili maji yasizidi. Chupa hii inafanya kazi mbili. Gesi ikizidi inabubujika na kutoka badala ya kupasua mfuko, na mvuke unaogeuka maji ndani ya bomba unateremkia humo badala ya kuziba njia. Kuelekea jikoni bomba lipande, angalau sentimita 1 kwa kila mita, bila sehemu ya kubembea.

Hewa kavu inakausha chupa hiyo haraka kuliko unavyodhani. Maji yakishuka chini ya ncha ya bomba, gesi yote inatoka usiku na asubuhi mfuko umelala chali. Iangalie kila siku ya tatu. Kijiko cha mafuta ya kula juu ya maji kinapunguza kukauka.

Baada ya chupa, weka kichujio: kipande cha bomba la inchi 2, urefu wa sentimita 30, kilichojazwa nyuzi za chuma bila kushindilia. Chuma kinanasa ile gesi ya harufu ya yai bovu inayokula jiko na sufuria. Nyuzi zikiwa nyeusi zitoe nje, zitandaze chini zipate hewa hadi zishike kutu, kisha zirudishe. Zinapopigwa na hewa hupata moto, kwa hiyo usiziache juu ya nyasi.

Kisha koki, kisha tii ya pili inayokwenda kwenye mfuko wa akiba, yaani ile nailoni ya mita 3 iliyofungwa ncha zote, ukaning'inizwa kwenye banda lenye kivuli nje ya jiko. Unabeba zaidi ya mita moja ya ujazo. Msukumo wa gesi ukiwa dhaifu wakati wa kupika, funga kwanza hiyo koki ya upande wa mtambo, ndipo ukaze kamba katikati ya mfuko wa akiba. Ukikaza bila kufunga koki, gesi itakimbilia chupani na kuishia hewani.

Pima viungio vyote kwa povu la sabuni. Kamwe usipime kwa kiberiti.

Kujaza mara ya kwanza

Fanya hili Februari au Machi, tanki likiwa linamwagika. Ili ncha za mabomba zizame, mtambo unahitaji kama lita 1,800 kwa mpigo: kinyesi kilo 600 (madebe 30 ya kilo 20) na maji lita 1,200. Boma lako halitoshi, omba la jirani, na kikae kivulini kimefunikwa kwa siku chache hizo. Ndoo mbili tatu za taka za tumboni kutoka machinjioni zinaharakisha, maana zina vijidudu tayari.

Wiki ya kwanza usilishe. Ya pili lisha nusu ya kipimo. Kuanzia ya tatu lisha kamili. Mfuko unaanza kuvimba kati ya wiki ya pili na ya nne. Gesi ya kwanza kabisa imwage yote nje, mbali na moto, kwa sababu imechanganyika na hewa uliyopepea, na mchanganyiko huo ndio hatari: methani, ile sehemu ya biogesi inayowaka, ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa inalipuka. Mfuko ukivimba mara ya pili, jaribu kuwasha jikoni. Isipowaka, mwaga tena. Usiwashe kamwe kwenye tundu la mtambo wenyewe.

Kulisha kila siku

Kinyesi kizolewe kabla ya saa mbili asubuhi. Kikipigwa na jua mpaka mchana kinatengeneza ganda, na ganda hilo linataka maji mara mbili kulainika huku likiwa limeshapoteza sehemu ya nguvu yake. Mabua na nyasi vitolewe kwa mkono.

Maji lita 30 yapatikane hivi: lita 5 za mkojo wa ng'ombe, lita 10 za tope lililotoka mtamboni na kuchujwa kwa kiroba, lita 5 za maji ya kuosha mchele, mboga na vibuyu vya maziwa, na lita 10 za tanki. Maji yenye sabuni au omo yasiingie hata kidogo, maana yanaua kilichomo. Vilevile kinyesi cha ng'ombe aliyedungwa antibayotiki kiweke kando kwa wiki moja na zaidi, na maji ya josho yasikaribie.

Usiongeze mkojo wala tope la kurudishwa kupita hapo. Vyote viwili vina amonia na chumvi, na vikijilimbikiza gesi inashuka pole pole bila sababu ya kuonekana. Dalili ni tope linalochoma macho ukiinama juu yake. Likifikia hapo, wiki mbili tumia maji peke yake.

Koroga kwenye pipa lililokatwa nusu. Uji sahihi unashuka kwenye mti wa kukorogea kwa mkupuo mmoja na kuacha utando mwembamba, kama uji wa asubuhi. Ukidondoka mabonge ni mzito, utaziba bomba. Ukiisha kukoroga, acha dakika tano mchanga utue, kisha mimina pole pole na ubakize vidole viwili vya chini. Tia mkono uguse mabaki hayo, utahisi changarawe. Boma lisilo na sakafu linapeleka mchanga mtamboni kila siku, na mchanga ukishaingia hautoki mpaka siku ya kubadilisha mfuko. Sakafu ya saruji sehemu wanapolala ng'ombe inalipa kuliko kifaa chochote cha ziada.

Siku maji yakikosekana, punguza kinyesi. Mtambo unavumilia njaa ya wiki moja vizuri kuliko uji mzito wa siku mbili.

Magunia

Chukua gunia la kilo 100. La mkonge linapitisha hewa, la plastiki linakaa juani msimu mmoja au miwili kabla ya kuanza kupukutika. Nailoni nyeusi iache, inapika mizizi.

Udongo wa gunia moja ni madebe 8 hivi: matano ya udongo wa juu wa shamba, mawili ya samadi iliyooza au makapi makavu ya tope la mtambo, moja la mchanga. Udongo wako ukiwa tayari wa kichanga, badala ya mchanga ongeza debe moja la samadi.

Tandaza chini kipande cha nailoni kinachopanda ubavuni mwa gunia sentimita 10, kiwe kama sahani. Jaza udongo sentimita 15 za kwanza bila mawe. Kisha simamisha katikati kopo lililotolewa kitako, lijaze kokoto za ukubwa wa yai, zungushia udongo pembeni, vuta kopo juu, jaza tena. Endelea hadi sentimita 80. Watu wengi huanzisha nguzo ya mawe chini kabisa na kutumia mawe makubwa kama ngumi. Maji yanapita katikati kama bombani na kutokea chini huku mboga za ubavuni zikisinyaa. Zile sentimita 15 za udongo na ile sahani ya nailoni ndizo zinazookoa maji.

Mwagilia udongo mtupu siku tatu mfululizo ukae, jazia uliposhuka, ndipo utoboe. Matundu ya msalaba, sentimita 5, umbali wa sentimita 20, safu tatu zilizopishana: 8 kwa safu, jumla 24. Juu panachukua miche 6. Ubavuni panda sukuma wiki, spinachi, chainizi au mnavu. Mchicha unafaa juu, unapovunwa kwa kung'oa. Nyanya ni mbili tu kwa gunia, juu, na zina ulafi wa maji. Kwa magunia sita, moja la nyanya linatosha. Mche ulale kidogo kuelekea chini unapoingia tunduni, mizizi isikunjwe, na upande jioni.

Magunia yakae upande wa mashariki wa nyumba au ukuta, yapate jua la asubuhi tu. Pasipo ukuta, tengeneza kivuli cha mabua ya mtama au wavu unaokata theluthi hadi nusu ya jua. Upande wa upepo weka uzio wa mabua. Upepo mkavu unanyonya maji kwenye gunia kuliko jua lenyewe.

Lita 6 zigawanywe: 4 alfajiri na 2 jioni, zimiminwe taratibu kwenye nguzo ya mawe, na kikombe kimoja juu ya udongo. Kupima, ingiza kidole kwenye tundu la safu ya chini hadi fundo la pili. Kikitoka na udongo ulioshika, maji yamefika. Kikitoka na vumbi, unamwagilia haraka mno. Kikitoka na tope na harufu, unapoteza maji.

Tope la mtambo, na liende wapi

Kila siku mtambo unatema karibu kiasi ulichoulisha. Ukitoa lita 10 za kurudisha, una lita 45 hadi 50. Hapo ndipo yale maji ya tanki yanafanya kazi ya pili.

Gunia linahitaji kidogo tu: lita 1 ya tope iliyochujwa na kuchanganywa na lita 3 za maji ya zamu ya siku hiyo, mara mbili kwa wiki, kwenye nguzo ya mawe. Ukizidisha, majani yanakuwa ya kijani iliyokolea, laini, na vidukari vinahamia. Chumvi nayo hujikusanya. Ukiona utando mweupe ubavuni mwa gunia au ncha za majani zimeungua, simamisha tope kwa wiki mbili na siku moja limiminie gunia hilo lita 15 za maji matupu ili chumvi ishuke. Kama maji yako ni ya kisima cha magadi, changanya na ya mvua tangu mwanzo.

Tope lisiguse majani. Joto la mtambo huu haliui mayai yote ya minyoo. Mboga za kupikwa hazina shida ukiziosha, lakini za kuliwa mbichi, kama giligilani na nyanya, zisipewe tope wiki tatu za mwisho. Choo kisiunganishwe kwenye mtambo unaolisha mboga.

Lita zaidi ya 40 zinazobaki zipeleke kwenye mipapai na majani ya malisho: lita 10 kwa shina kwa wiki, kwenye kishimo kilichofunikwa nyasi. Ni mashina 30 hivi. Pipa la tope lifunikwe na likae kivulini. Likiachwa wazi juani, sehemu kubwa ya naitrojeni inapaa kama amonia, na unabaki na maji ya kahawia.

Yanayoharibika

Mwali wa njano na masizi: hewa haitoshi, fungua zaidi tundu la hewa kwenye shingo ya jiko. Mwali unaoruka na kuzimika: hewa imezidi. Mwali unaocheza juu na chini ni maji ndani ya bomba. Tafuta mahali lilipolegea na kubembea, uliinue.

Mfuko umelegea ghafla, ingawa unalisha: angalia chupa, kisha viungio, kisha mgongo wa mfuko. Tundu dogo linazibwa kwa kipande cha mpira na gundi ya viraka vya baiskeli, kikiwa kimebanwa na tepu pana, ila kiraka hicho ni cha muda.

Gesi imepungua wiki kwa wiki na tope linanuka uchachu: umelisha mabaki ya ugali, pumba au matunda kwa wingi. Acha kulisha siku tano hadi saba, kisha anza na robo ya kipimo, kinyesi peke yake.

Utitiri mwekundu hupenda joto kavu na huacha utando mwembamba chini ya jani. Paka maji chini ya majani asubuhi kwa kitambaa, na ukizidi, twanga mbegu za muarobaini, gramu 50 kwa lita moja ya maji, loweka usiku, chuja, nyunyiza jioni.

Harufu ya yai bovu jikoni ni gesi inayovuja. Zima kila moto, fungua madirisha, funga koki ya mtambo, ndipo utafute. Chumba cha kupikia kiwe na tundu la hewa juu ya ukuta, si dirisha peke yake.

Zungushia mtambo uzio, na juu yake jenga paa la chini la makuti au nyasi. Nailoni iliyofunikwa hivyo inakaa miaka mitatu hadi mitano. Isiyofunikwa usiitegemee kwa mwaka wa pili. Itakapofika siku ya kubadilisha, chagua Februari tena. Acha kulisha wiki mbili, mwaga gesi yote, chota tope kwa ndoo ukiwa umesimama nje ya mtaro, na lile zito lililobaki chini pamoja na mchanga wake litandaze shambani kabla ya kulima. Hifadhi madebe kumi ya tope jepesi kwenye pipa lililofunikwa. Hayo ndiyo mbegu ya mfuko mpya, na ukiyamimina kwanza gesi itaanza ndani ya siku kumi hivi.